Kalenda ya Hijria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza na Kando ya Ziwa Victoria

Maswali yafuatayo huulizwa na Waislamu na wasiokuwa Waislamu, hasa mwishoni mwa Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, wakati familia zinaandaa futari, wafanyabiashara wa Makoroboi wanapanga mzigo wa Idi, na waajiri wanataka kujua siku gani wafanyakazi wao hawatakuwapo. Majibu yameandikwa kwa kuzingatia mahali tulipo, kwa sababu mambo kadhaa yanayohusu mwezi hutegemea sana mtu amesimama wapi anapoutazama.

Kalenda ya Hijria ni nini?

Ni kalenda inayofuata mwezi wa angani peke yake. Mwaka wake una miezi 12, na kila mwezi una siku 29 au 30, kwa hiyo mwaka mzima huwa na siku 354 au 355. Kalenda ya kawaida ya ofisini hufuata jua, na ina siku 365 au 366. Tofauti ya takriban siku 11 kila mwaka ndiyo chanzo cha karibu kila jambo linalowashangaza watu kuhusu kalenda hii.

Kwa nini miaka inahesabiwa kuanzia mwaka 622?

Kwa sababu huo ndio mwaka ambao Mtume Muhammad (S.A.W.) alihama kutoka Makka kwenda Madina. Hesabu yenyewe haikuanzishwa wakati wa uhai wake. Ilipangwa katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab, yapata mwaka wa 17 wa Hijra, baada ya kuonekana kwamba barua na hati za dola zilikuwa zikitaja mwezi bila kutaja mwaka. Kabla ya hapo Waarabu waliitambua miaka kwa matukio, kama Mwaka wa Tembo.

Wengi hudhani kwamba tarehe 1 Muharram ndiyo siku Mtume alipohama. Sivyo. Safari ile ilikuwa katika mwezi wa Rabiul-Awwal. Kilichofanyika ni kuuchukua mwaka wa tukio hilo na kuuanzia katika mwezi wake wa kwanza, ambao tayari ulikuwa Muharram. Siku hiyo ya kwanza inalingana na Julai 16, 622 kwa kalenda ya Kirumi ya wakati ule.

Miezi inaitwaje, na kwa nini wazee wa pwani husema "Mfunguo Sita"?

Kwa Kiarabu miezi ni Muharram, Safar, Rabiul-Awwal, Rabiul-Akhir, Jumadal-Ula, Jumadal-Akhira, Rajab, Shaaban, Ramadhani, Shawwal, Dhul-Qaada na Dhul-Hijja. Minne kati ya hiyo, yaani Dhul-Qaada, Dhul-Hijja, Muharram na Rajab, ni miezi mitukufu, ambayo Qurani inaitaja katika Sura At-Tawba aya ya 36.

Waswahili wana mpangilio wao ambao hauanzi na Muharram bali unaanza Ramadhani inapokwisha. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhul-Qaada ni Mfunguo Pili, Dhul-Hijja ni Mfunguo Tatu, Muharram ni Mfunguo Nne, Safar ni Mfunguo Tano, na Rabiul-Awwal, mwezi wa Maulidi, ni Mfunguo Sita. Hesabu inaendelea hadi Mfunguo Tisa, ambao ni Jumadal-Akhira, kisha Rajab, Shaaban na Ramadhani hubaki na majina yao. Huku bara wengi husema "Mfungo Sita" badala ya "Mfunguo Sita". Wote wanakusudia mwezi mmoja. Anayeusikia mpangilio huu kwa mara ya kwanza ajihadhari na jambo moja: Mfunguo Nne si mwezi wa nne wa mwaka wa Hijria, bali ni wa kwanza.

Kwa nini mwezi hauna idadi moja ya siku?

Kutoka mwezi kukutana na jua angani hadi kukutana nalo tena hupita wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa kuwa hatuwezi kuanza mwezi katikati ya siku, miezi mingine hutimia 30 na mingine huishia 29. Hazipo siku 28, wala hazipo 31. Mpangilio wa mwezi pungufu na mwezi kamili haufuatani kwa zamu kila mara. Inaweza kutokea miezi miwili au mitatu mfululizo yenye siku 30. Kwa hiyo anayesema Ramadhani "lazima" iwe na siku 30 mwaka huu kwa sababu mwaka jana ilikuwa na 29 hana hoja.

Siku ya Kiislamu huanza saa ngapi?

Huanza jua linapozama. Usiku hutangulia mchana wake, ndiyo maana mwezi ukiandama jioni, sala ya tarawehe husaliwa usiku uleule, kabla ya mtu kufunga hata siku moja. Msemo wa "usiku wa kuamkia Ijumaa" unatunza hesabu hiyo vizuri, na ni salama zaidi kuutumia katika matangazo ya maulidi au khitma kuliko kusema "Alhamisi usiku", kwa sababu kwa hesabu ya Hijria usiku huo ni wa Ijumaa tayari.

"Mwezi umeandama" maana yake nini hasa?

Maana yake ni kwamba hilali, yaani mwezi mchanga mwembamba, imeonekana upande wa magharibi baada ya jua kuzama siku ya 29. Ikionekana, kesho yake ni tarehe mosi. Isipoonekana, iwe ni kwa sababu ya mawingu au kwa sababu haikuwepo, mwezi uliopo hukamilishwa siku 30. Msingi wake ni hadithi mashuhuri inayoamrisha kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona, na kukamilisha hesabu ya Shaaban siku 30 unapofichikana. Siku ya 30 ya Shaaban, watu wanapozungumza juu ya kuonekana kwa mwezi bila kuthibitika, huitwa siku ya shaka, na haifai kuifunga kwa nia ya Ramadhani. Kuvunja jungu, ule mlo wa kuiaga Shaaban, ni desturi ya watu na hakuhusiani na hukumu hii.

Tofauti na wanavyodhani wengi, "mwezi mpya" wa wanafalaki si hilali. Wao huita hivyo dakika ambayo mwezi unakutana na jua, na wakati huo mwezi hauonekani kabisa. Programu ya simu inapoonyesha "mwezi mpya" leo, haijasema kwamba kuna kitu cha kuonekana leo jioni. Kwa kawaida huhitajika kupita saa 20 hivi au zaidi, na hakuna taarifa inayokubalika na wataalamu ya kuonwa kwa macho matupu mwezi wenye umri wa chini ya saa 15.

Je, ninaweza kuutafuta mwezi mwenyewe nikiwa Mwanza?

Unaweza, na sisi tulio karibu na Ikweta tuna nafasi nzuri kuliko watu wa nchi za mbali kaskazini au kusini. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya Ikweta. Kwetu jua na mwezi hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho, hivyo mwezi mchanga huwa juu ya jua lililozama na hubaki angani muda wa kutosha kabla haujafuata. Ndiyo maana pia hilali yetu hulala chali kama mtumbwi, ncha zake mbili zikielekea juu, wakati katika picha za mabango na bendera husimama wima.

Kinachosumbua Mwanza mjini ni vilima vya mawe na majengo. Tafuta mahali palipoinuka penye uwazi wa magharibi, mfano Capri Point unapotazama ghuba kuelekea upande wa Sengerema. Kwa maoni yangu Musoma wana bahati zaidi kuliko sisi, kwa kuwa mji wao uko mashariki ya ziwa na jua huwazamia majini. Bukoba ni kinyume: ziwa liko mashariki yao na magharibi kuna vilima, kwa hiyo anayetafuta mwezi huko ni bora apande juu kuliko kukaa ufukweni.

Anza kutazama dakika chache baada ya jua kuzama, si kabla, ili usiumize macho. Tazama juu ya pale jua lilipozama au pembeni kidogo. Muda una ukomo, kwani mwezi wa siku ya kwanza mara nyingi huzama ndani ya saa moja au pungufu yake. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli kuanzia Oktoba huleta mawingu mazito juu ya ziwa, na jioni nyingi za miezi hiyo hazina la kutazamwa.

Bukoba wana faida nyingine ambayo haitumiki ipasavyo. Jua huwachomozea ziwani, na alfajiri za mwisho wa mwezi mtu anaweza kuuona mwezi mkongwe ukiwa mwembamba mashariki. Ukionekana alfajiri ya siku ya 29, ni muhali uonekane tena magharibi jioni ya siku hiyohiyo, kwa sababu mwezi hauwezi kulipita jua na kujitenga nalo vya kutosha ndani ya saa 13. Shahidi anayekuja jioni hiyo akidai ameuona ni wa kuhojiwa kwa upole lakini kwa kina: aliuona upande gani wa jua, ncha zilielekea wapi, ulikuwa juu kiasi gani, na je, hakuiona nyota ya Zuhura au mkia wa moshi wa ndege?

Kwa nini Waislamu wa mtaa mmoja Mwanza huanza kufunga siku mbili tofauti?

Hili ndilo swali linaloleta maneno mengi, na mara nyingi huulizwa kwa kejeli isiyostahili. Pande zote zinakubaliana kwamba mwezi ni siku 29 au 30 na kwamba hilali ndiyo alama. Zinapotofautiana ni katika upeo wa macho upi unaohesabika.

Wapo wanaosema kila eneo lina mwandamo wake. Wanategemea kisa cha Kurayb kilichopokewa na Imam Muslim: alikwenda Sham (Syria ya leo), akauona mwezi wa Ramadhani huko usiku wa kuamkia Ijumaa, kisha akarudi Madina mwishoni mwa mwezi. Sahaba Ibn Abbas akamwambia kwamba wao Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwamba wataendelea kufunga hadi wakamilishe 30 au wauone wenyewe. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, yameelekea huko. Kwa msimamo huo wengi husubiri tangazo la Mufti wa Tanzania kupitia Bakwata, baraza lililoanzishwa mwaka 1968, ambalo hupokea habari za kuonekana kwa mwezi nchini na katika nchi jirani. Zanzibar ina Ofisi yake ya Mufti.

Wapo wanaosema mwezi ukithibiti popote duniani unawalazimu Waislamu wote, kwa kuwa amri ya kufunga imeelekezwa kwa umma mzima. Hawa mara nyingi hufuata tangazo la Saudia au la nchi yoyote ya Kiislamu iliyotangulia. Hii nayo ni rai ya wanazuoni wengi wakubwa wa zamani, wala haikuletwa na simu na televisheni, ingawa simu zimeirahisishia kazi.

Kundi la tatu ni dogo lakini lipo katika miji yetu. Mabohora, ambao ni Waislamu wa Kishia, hufuata jedwali lililopangwa mapema, ambamo mzunguko wa miaka 30 una miaka 11 ya siku 355 na 19 ya siku 354. Kwa hiyo huweza kutangulia wengine kwa siku moja au mbili, nao huijua tarehe ya Idi yao miaka mingi kabla.

Katika familia yenye misimamo miwili ndani ya nyumba moja, ushauri wangu ni kuulizana mapema nani anafunga lini, ili anayepika daku asibahatishe.

Basi kwa nini hesabu zisitumike moja kwa moja, wakati wanafalaki wanajua dakika ya kila mwandamo?

Wanachokijua kwa uhakika ni mahali mwezi ulipo. Kuonekana kwake kunategemea pia mawingu, vumbi, unyevu wa hewa na macho ya mtazamaji. Hata hivyo hesabu ina kazi kubwa katika upande mmoja, nao ni kukanusha. Mwezi ukiwa umezama kabla ya jua, hakuna aliyeuona, hata wakija mashahidi kumi. Baadhi ya wanazuoni wa sasa huikubali hesabu katika kukanusha na kuikataa katika kuthibitisha, na binafsi naona njia hiyo ingepunguza mizozo mingi bila kumwondolea mtu sunna ya kutoka nje kuutazama mwezi.

Saudia wanatumia kuona au hesabu?

Wanatumia vyote, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kalenda ya Ummul-Qura, inayotumika katika shughuli za serikali, hupangwa mapema: mwezi huanza iwapo kukutana kwa mwezi na jua kumetokea kabla ya jua kuzama Makka, na mwezi ukazama baada ya jua. Lakini kwa Ramadhani, Shawwal na Dhul-Hijja mahakama husikiliza mashahidi, na tarehe iliyotangazwa inaweza kutofautiana na ile iliyochapwa.

Makka na Mwanza saa zao zinalingana, lakini jua halizami pamoja. Mwezi wa Desemba jua huzama Makka zaidi ya saa nzima kabla ya kwetu. Juni huzama kwao baadaye kidogo kuliko kwetu. Kwa hiyo kuna misimu ambayo hilali huwa kubwa zaidi inapofika zamu ya Mwanza, na si ajabu ikaonekana huku bila kuonekana kule.

Kwa nini Ramadhani haikai katika mwezi mmoja wa Kizungu?

Kwa sababu ya zile siku 11. Kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma, na baada ya takriban miaka 33 huwa imezunguka misimu yote. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa wakichezea mpangilio wa miezi, na Qurani ikakataza jambo hilo, linaloitwa nasii, katika aya ya 37 ya Sura At-Tawba. Ramadhani ya mwaka 1446 ilianza mwanzoni mwa Machi 2025. Mwaka 2030 zitaanza Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja wa kalenda ya jua, moja mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2000 tulipata Idi el-Fitri mbili, Januari na Desemba.

Sisi wa Ikweta hatupati shida ya nchi ambazo mchana wa kiangazi huzidi saa 18. Mchana wetu hubaki karibu na saa 12 mwaka mzima. Kinachobadilika kwetu ni mvua na jua kali.

Kwa nini tunafuturu baada ya watu wa Dar es Salaam?

Kwa sababu tuko magharibi yao. Jua huzama Mwanza baada ya Dar es Salaam kwa takriban dakika 20 hadi 30 na kidogo, kutegemea msimu: pengo hupungua Desemba na kupanuka Juni. Anayefuturu kwa adhana ya redio inayorushwa kutoka Dar es Salaam atakuwa amekula mchana. Kwa upande mwingine alfajiri yetu nayo huchelewa, kwa hiyo urefu wa funga ni karibu uleule.

Kalenda ya ukutani imeweka nyota kwenye siku ya Idi. Ina maana gani?

Ina maana kwamba sikukuu inategemea kuandama kwa mwezi na inaweza kusogea siku moja. Mwenye kikao au safari ya boti kwenda Ukerewe aiache wazi siku iliyotajwa na inayofuata. Kwa Idi el-Hajj wasiwasi ni mdogo, kwani huwa tarehe 10 Dhul-Hijja, na mwandamo hujulikana siku tisa kabla.

Nitabadilije mwaka wa kawaida kuwa wa Hijria?

Toa 622, zidisha kwa 33, gawanya kwa 32. Kwa mwaka 2025: 1403 mara 33 gawanya kwa 32 ni 1446.8, na kweli mwaka huo ulikuwa na sehemu ya 1446 na sehemu ya 1447, ambao ulianza mwishoni mwa Juni. Desemba 9, 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika, ilikuwa mwanzoni mwa Rajab 1381 kwa hesabu ya jedwali. Njia hii hutoa mwaka tu. Kwa siku kamili tumia jedwali, ukijua kwamba linaweza kupishana na mwandamo halisi kwa siku moja.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi umo katika kalenda hii?

Haumo. Sherehe hiyo ya Zanzibar hufuata mwaka wa jua wenye siku 365, na hufanyika mwezi wa Julai.

Wavuvi wa dagaa nao hufuata mwezi. Ni kalenda hiyohiyo?

Ni mwezi huohuo wa angani, kwa sababu nyingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola, na mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku za karibu na mwezi mpevu, na mzigo hupungua katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Siku hizo huangukia tarehe 13, 14 na 15 za Hijria, ambazo ni siku nyeupe zinazopendekezwa kufungwa sunna. Mvuvi asiye Mwislamu akikuambia mwezi una siku ngapi, mara nyingi atakuwa amekosea kwa siku moja tu, au hakukosea kabisa.

Je, zaka na eda huhesabiwa kwa miezi ipi?

Kwa miezi ya mwandamo. Eda, yaani muda wa kusubiri, ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi za Hijria, na kuihesabu kwa Januari na Februari humwongezea siku ambazo hakuwajibishwa. Aandike tarehe ya Hijria siku ileile ya msiba.

Zaka ya mali hulipwa mwaka wa mwandamo unapotimia, kwa asilimia 2.5. Mwenye duka ambaye hesabu zake zote hufungwa Desemba, na akashindwa kabisa kuzitenganisha, wanazuoni kadhaa wa sasa humruhusu kulipa kwa mwaka wa jua, lakini kwa asilimia 2.577, ili siku 11 za ziada zisiwapunje wenye haki. Katika mtaji wa shilingi milioni 10 tofauti hiyo ni shilingi 7,700.